Mtani Aliyevaa Koti la Baba

Siku Optatus alipomwona Bi Ziada kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amevaa koti la baba yake Optatus, na baba mwenyewe alikuwa bado hajatiwa kaburini.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2014, korosho zimeanza kuanguka. Optatus alikuwa ametumwa Masasi alfajiri kuchukua msalaba kwa seremala na kilo moja ya misumari, maana kwao Lukuledi mwenye duka la misumari alikuwa amefunga duka na kuja msibani. Alirudi kwenye saa nne na nusu nyuma ya bodaboda, msalaba ameukumbatia kifuani. Alipofika karibu na nyumba yao akasikia watu wanacheka. Akafikiri amekosea nyumba, lakini nyumba ulimozaliwa haikoseki.

Akashuka. Katikati ya uwanja, kati ya mikeka ya akina mama na mabenchi ya wanaume, Mzee Ambrosi, baba yake, alikuwa anatembea.

Koti lilikuwa lile la kaki lenye viraka viwili mgongoni. Kofia ilikuwa ile ile. Aliyevaa alikohoa mara tatu, kikohozi cha tatu akakimeza, kama baba alivyokuwa akifanya kila asubuhi kabla ya kuomba maji ya kunawa. Kisha akasimama mbele ya mbuzi aliyefungwa kwenye mti akamwuliza, "Na wewe umekuja kula wali wa watu? Umechangia nini?" Baba hasa. Alikuwa anazungumza na mbuzi zaidi ya alivyozungumza na watoto wake.

"Jamani, Ambrosi amekataa kwenda!" mtu mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wengine wakajifunika kanga. Mama yake Optatus, mjane wa siku moja, alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Nyamazeni," akasema aliye ndani ya koti, kwa sauti ya marehemu. "Bado sijamwita kitinda mimba wangu. Yule hasikii mpaka aitwe kutoka huku mikoroshoni. Ngojeni nimwite."

Akaweka kiganja mdomoni, akavuta pumzi.

Watu wa Lukuledi wanamjua Optatus kwa ukimya. Ni mtu ambaye dukani husimama pembeni mpaka aulizwe anataka nini, na akipewa kisicho chake huchukua akaenda zake. Katika miaka yake thelathini na minane hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo alitupa msalaba chini, akapita juu ya mikeka ya akina mama na viatu vyake, akainyakua ile kofia, akalivuta koti mpaka kifungo kikakatika na kuviringika chini ya mabenchi.

Ndani ya koti kulikuwa na mama mmoja mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, amejifunga kanga kiunoni, ana pengo la jino mbele. Hakukasirika. Alimwangalia Optatus toka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Haya. Umemvua baba yako nguo mbele ya wakwe zake."

Hakuna aliyecheka tena. Mjomba wake, Mzee Abrahamu, akamshika mkono akampeleka nyuma ya jiko.

"Unamjua yule?"

"Simjui, mjomba."

"Yule ni Ziada wa Newala. Ni mtani. Ukoo wake na ukoo wetu tunazikana tangu babu zetu hawajajua hata sabuni. Ameacha kazi zake, amepanda gari alfajiri, amekuja kutuzika. Akikutukana unacheka. Akikunyang'anya sahani unatafuta nyingine. Mtani hakasirikiwi, Optatus! Hilo mbona hata watoto wanalijua?"

"Alikuwa anamdhihaki baba."

"Alikuwa anamrudisha, mpumbavu wewe. Dakika mbili tu. Na wewe umemfukuza."

Optatus hakuwa mgeni wa mambo hayo. Kwenye misiba ya wengine alikwisha kuwaona watani wakilala ndani ya kaburi na kugoma kutoka, au wakiiga marehemu alivyokuwa akila, na yeye alicheka na wenzake. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu. Wazee walikaa siku hiyo hiyo, wakamtoza faini: kuku mweupe, ampeleke Newala mwenyewe, kwa mikono yake.

Kilichokuja kumtesa hakikuwa faini. Alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza baiskeli Masasi, chini ya majabali yanayouzunguka mji, na siku chache baada ya maziko alikuwa ameinamia tairi anatafuta tundu kwenye beseni la maji. Akajaribu kukumbuka jinsi baba yake alivyokuwa anamwita. Baba hakuwa anasema Optatus. Alilikata jina, nusu yake akaiimba, na mwishoni kulikuwa na kitu kama cheko, au labda si cheko. Sauti hiyo ilitoka mikoroshoni, ikapita juu ya mihogo, ikamfikia yeye nyumbani, naye akakimbia. Hayo yote aliyajua. Sauti yenyewe haikuja. Akafumba macho, mwenye baiskeli akamwuliza kama amelala.

Picha ya baba ilikuwapo, ile ndogo ya kitambulisho. Sauti haikuwapo popote. Mzee Ambrosi alikuwa haamini simu. Ukimpa azungumze, aliirudisha haraka kama kitu cha moto, akisema, "Mwambie sijambo."

Basi akapanda gari la Newala na kuku mweupe kwenye kikapu. Gari lilipomaliza mlima na upepo wa juu ukaanza kuingia dirishani, alikuwa bado anafanya mazoezi: nisamehe mtani, sikujua. Maneno matatu, na yalimtoa jasho.

Alimkuta Bi Ziada uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anabangua korosho zilizokaangwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Binti yake mkubwa, Shakila, alikuwa pembeni anapepeta.

"Shikamoo, mama."

"Mama yako nimemwacha Lukuledi anacheka," Bi Ziada akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe si ndiye yule mnyang'anyi wa makoti?"

"Ndiyo, mama."

"Shakila, umesikia? Anakubali! Mwizi anakubali kabla hajapigwa. Watu wa Lukuledi hawana hata raha ya kuwakamata." Akampokea kuku, akampima kwa mkono. "Na huyu mbona amekonda hivi? Njiani mlikuwa mnakula kwa zamu?"

Hapo Optatus alitakiwa kujibu. Utani ndio huo, ukitupiwa unarudisha. Yeye akasema tu, "Nisamehe, mtani. Sikujua," akainama. Bi Ziada akamtazama kwa huruma, kama mtu anayeona baiskeli haina mnyororo.

"Mna shida kwenu," akasema. "Kaa ule."

Alikula ugali wa muhogo na kisamvu, akanawa. Hatimaye akasema akiwa anatazama miguu yake, "Siku ile ulikuwa unataka kuniita. Kama baba. Naomba uniite."

Nyundo ya kubangulia ikasimama. "Hapa?"

"Hapa."

"Bila koti?"

"Nimekuja nalo." Akalitoa kwenye mfuko. Kifungo alikuwa amekishona mwenyewe.

Bi Ziada akajifuta mikono, akalichukua, akalinusa kwenye kola. Uso wake ukabadilika. "Limefuliwa."

"Mama alilifua."

"Basi. Limebaki nguo tu." Akamrudishia. "Nitakuja arobaini. Nitakuita kwenu, mbele ya watu wake. Mzee hawezi kumwitia mwanae uani kwa mwanamke wa watu, watasema nini?"

Optatus akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaondoka na ahadi.

Bi Ziada alikuja arobaini kweli. Alikula, akawachambua wanakwaya mmoja mmoja jinsi wanavyopanua midomo, akamfukuza Mzee Abrahamu kwenye kiti chake akakikalia yeye. Optatus hakumwacha kwa macho. Jioni ilipokaribia, Bi Ziada akasimama akakung'uta kanga. "Gari langu hilo."

Optatus akamfuata mpaka barabarani. "Uliahidi."

"Mtani akiahidi unaamini? Umekulia wapi wewe?" Akapanda gari, akampungia mkono kwa madaha kama mke wa mkubwa.

Ndipo Glory, binti wa dada yake Scholastika, akasema kumbe yeye alirekodi siku ya maziko kwa simu. Wakakaa kwenye ngazi ya nyumba, wakafungua. Koti lile. Mbuzi. Kelele za watu zimefunika kila kitu, maneno hayasikiki. Kiganja kinakwenda mdomoni. Halafu mgongo wa mwanaume mwenye shati la bluu unaziba picha yote mpaka mwisho. Alimwomba Glory airudie. Akairudia. Mara zote ulikuwa mgongo wake yeye.

Alianza kumfuata Bi Ziada. Hakuna neno jingine la kusema. Alifika Newala mara mbili au tatu kwa mwaka, na misiba ya watani upande wa Masasi aliihudhuria hata kama hawajui waliofiwa. Mwaka 2016, kule Nanganga, walimzika Mama Witness, aliyekuwa akikaanga maandazi kando ya barabara. Bi Ziada alijifunga aproni ya marehemu, akakaa mbele ya karai lisilo na mafuta, akaanza kugeuza maandazi yasiyokuwapo. Alikuwa anasogeza kichwa kando kukwepa moshi usiokuwapo. Mteja wa uongo akaomba andazi la nyongeza, naye akavuta midomo, akamwongezea dogo kuliko yote huku akisema, "Chukua, ukamwambie mama yako nimefilisika kwa ajili yako." Watoto wa marehemu waliangua kilio na kicheko kwa pamoja. Optatus, ambaye alinunua maandazi kwa mama yule mara mbili tu maishani, alijikuta anamlilia.

Baadaye akamwendea Bi Ziada nyuma ya nyumba. "Niite na mimi basi. Hapa hapa."

"Leo ni siku ya Mama Witness. Unataka kumwibia mwenzako msiba?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuudhi. Kila mara mama yule alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Safari nyingine koo lilikuwa kavu, akamtuma Optatus maji bombani, na bomba halikuwa limetoa maji siku tatu. Safari nyingine ilikuwa Ramadhani. Safari nyingine akasema hawezi kumwita mtu ambaye hajanyoa.

Mke wa Optatus, Isabela, alivumilia mpaka akachoka. "Unafuata sauti ya aliyekufa mpaka Newala," alimwambia siku moja akikunja nguo. "Mimi niliye hai, ukiniita mara moja kwa siku ni bahati."

Kule kibandani fundi mwenzake, Cuthbert, alimtania kila alipomwona anafunga mzigo. "Fundi, mahari ya yule mama wa Newala imefika wapi?"

"Ni mtani wangu."

"Ndiyo nauliza, imefika wapi?"

Optatus akacheka kwa adabu na kuinamia spoku zake.

Kwa vile kila safari alibaki nusu siku anasubiri kitu kisichokuja, alimjua Bi Ziada kuliko alivyowajua ndugu zake. Alijua kwamba alizaliwa ukingoni kabisa mwa mlima, zamani zile maji ya Newala yakiwa bondeni. Wanawake walishuka jogoo la kwanza wakiwa na madebe, wakapanda jua likiwa utosini, na asiyeweza kupanda alilia njiani debe likiwa kichwani. Ziada alikuwa na miaka minane. Ili safari iwe fupi alianza kuwaiga walio mbele yake, mmoja mmoja, jinsi kila mtu anavyohema. Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika, wakampiga, wakamwambia endelea. Mumewe alimwacha na watoto wawili akaoa Tandahimba. Mama huyo aliishi kwa kubangua korosho na kuzipeleka stendi, na alikuwa hana meza nyumbani kwake, lakini alikuwa anajua jinsi watu zaidi ya mia waliokufa walivyokuwa wakipiga chafya.

Habari ya mtoto wa pili aliisikia akiwa juu ya ngazi. Alikuwa anamfungia mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua kwenye kisima cha uani, kazi aliyojitolea ili apate jambo la kufanya kwa mikono wakati wa kusubiri. Bi Ziada alikuwa chini ameshika ngazi.

"Unajua nani alitakiwa amwige Majaliwa?" akauliza ghafla.

"Majaliwa nani?"

"Mwanangu. Alikufa kwa homa kabla ya baba yako, ana miaka ishirini na mbili. Tulituma habari kwenu. Mlikuwa mnaokota korosho, hakuja hata mmoja. Watu walilia tangu asubuhi mpaka jioni, kulia tu. Hakuna aliyemrudisha hata kidogo. Mimi siwezi, mtu haigi wa kwake. Ni ninyi mlitakiwa." Akatikisa ngazi. "Kaza hiyo, inavuja."

Optatus akagonga msumari mara mbili. Hatimaye alidhani ameelewa. Mama huyu alikuwa anamnyima baba yake kwa sababu wao walimnyima mwanae. Na ilikuwa haki.

Akarudi Lukuledi, akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya. Aliita kikao. Alisimama mbele ya wajomba, akasema sentensi tano mfululizo. Wazee waliona haya, na mwaka 2020, baada ya mavuno, wanne kati yao walipanda Newala pamoja naye, wakiwa na mbuzi na mchele, kumwomba Bi Ziada msamaha kwa ajili ya Majaliwa. Mzee Abrahamu alipiga magoti. Bi Ziada akajifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akasema, "Inuka, babu, magoti hayo utayahitaji kesho." Wakala, wakatukanana, wakacheka. Wazee walipokwenda kupumzika, Optatus akabaki naye.

"Sasa, mtani," akasema. "Hakuna deni tena."

Bi Ziada aliangalia mkono wake mweusi, akaugeuza. "Mbuzi wenu alikuwa mtamu," akasema, akaingia ndani akalala.

Mtu mwenye maneno angegonga mlango. Optatus alichukua kikapu chake akaondoka. Njia nzima hakusema na wajomba. Aliapa hatakanyaga tena Newala, na mtu mkimya akiapa hana wa kumbembeleza, maana hakuna anayejua. Shakila alimpigia simu mara mbili, hakupokea. Habari za misiba ya watani zilipofika, alimtuma Glory. Miaka mitatu ikapita. Katika miaka hiyo jambo baya zaidi likatokea: ile sauti aliyoisikia siku ya koti, japo kwa hasira, nayo ikaanza kufutika. Alibaki anakumbuka maneno tu, ngojeni nimwite, yakisemwa na sauti yoyote, wakati mwingine sauti yake mwenyewe.

Mwezi wa saba mwaka 2023, Shakila alipiga kwa simu ya mtu mwingine, Optatus akapokea bila kujua.

"Mama anaumwa kifua. Hospitali wamesema tukae naye nyumbani. Anasema, yule mwizi yuko wapi?"

Alifika kesho yake mchana. Bi Ziada alikuwa chumbani, kitanda kimesogezwa dirishani, na mwili wake umekuwa mdogo hata shuka halikuonyesha kama kuna mtu.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

Optatus akaingiwa na hofu. Tangu amjue, mama huyu hakuwahi kumwitikia shikamoo bila kumtukana kwanza.

"Umeninunia miaka mitatu," Bi Ziada akasema. Alikuwa anapumzika katikati ya maneno.

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Masasi nzima ilipata pancha?"

Akakaa kwenye kigoda. Hakuwa na mazoezi ya maneno safari hii. "Bi Ziada, nimekuja kwa jambo lile. Leo sitaki mzaha."

"Sina mzaha leo." Akageuza kichwa kumwelekea. "Sauti ya Ambrosi sinayo."

"Huna kivipi?"

"Sinayo. Nilimkamata siku ile ya msiba, na uliponivua koti akatoka. Kwenye gari la kurudi nilimjaribu taratibu, hakuja. Ndivyo nilivyo mimi, namshika mtu siku yake, kesho amekwenda. Ulipokuja na kuku nilikuwa mtupu."

Optatus akahesabu kwa vidole. "Miaka tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungerudi?"

Optatus akautazama mlango.

"Ungechukua kikapu chako ukaenda. Hapa anakuja nani? Watu wananitafuta wakifiwa. Wewe peke yako ulikuwa unakuja bila maiti."

Optatus akasimama. Kigoda kikaanguka. "Umeniibia, Bi Ziada!" Alisikia sauti yake inagonga bati, wala hakuishusha. "Ungeniambia siku ile ile ningelia yakaisha! Nimepanda mlima huu kama punda! Nimewapigisha wazee magoti! Baba yangu umemkalia miaka tisa kumbe hayupo, umekalia mfuko mtupu!"

Shakila alitokea mlangoni na mwiko mkononi, ametoa macho. Bi Ziada alikuwa anatabasamu na lile pengo lake.

"Kumbe unajua kujibu," akasema. "Shika kigoda chako."

Akakiinua. Alitaka kwenda nyumbani, lakini mlangoni kulikuwa na Shakila.

"Sauti imekwenda," Bi Ziada akaendelea, sasa kwa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko. "Mwendo wake nahisi nikiuona nitaujua. Tembea."

"Nani, mimi?"

"Kuna mwingine humu aliyezaliwa na Ambrosi? Toka hapo dirishani mpaka mlangoni. Tembea kama yeye."

"Sijui."

"Umemfuata nyuma miaka thelathini shambani, hujui alivyokuwa anakwenda? Shakila, toka, mwenzio anaona haya."

Shakila akatoka. Optatus alisimama dirishani, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mvi zimemwingia, akajiona mjinga. Aliweka mikono nyuma akaenda mpaka mlangoni, hatua sita.

"Huyo ni padri," Bi Ziada akasema.

Alirudi dirishani. Akafikiri jinsi baba alivyokuwa mbele yake njiani, asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, yeye akiangalia visigino vyake tu kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mbele ya macho ya mtoto. Akatembea kwa kufuata visigino hivyo. Alipofika mlangoni hakugeuka haraka. Alipogeuka, Bi Ziada alikuwa amejiinua kwa kiwiko, hahemi vizuri, hana mzaha usoni, anamtazama kama fundi anavyoitazama ringi iliyopinda.

Alimwambia neno moja, naye akalitii, akaenda na kurudi mpaka mama akashikwa na usingizi na Shakila akaja kumfunika. Hakuamka tena vizuri. Alifariki siku ya pili yake mchana, Optatus akiwa stendi anawapigia simu watu wa Lukuledi kwamba safari hii waje wote, asikose mtu. Kwa hiyo la mwisho Bi Ziada alilomwambia ni lile, akiwa ameegemea kiwiko, jicho moja amelifumba:

"Bega la kushoto, mtani. Alikuwa analishusha kidogo, kama mtu anayepita mlangoni kwa mkwe. Rudia."